KAZI ZA HOSPITALI NG'AMBO: ILIYOPO NA INAYOUZWA

Mazungumzo ya mhamasishaji wa jamii na wakazi, Rubavu



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi za hospitali za Ulaya na Kanada ambazo habari zake zinazunguka katika simu zetu. Ujumbe wenyewe mmeuona. Hospitali kubwa ya Uingereza inatafuta wauguzi mia mbili, wakimbizi watafikiriwa kwanza, mwajiri atadhamini viza, tiketi bure, nyumba bure, ila kwanza utume dola kidogo za kufungua faili. Watu wameanza kutuma. Yupo aliyeuza simu. Yupo aliyetoa pesa ya chakula ya miezi miwili. Na yupo muuguzi mtu mzima, mama wa watoto wanne, aliyekopa kwa wafanyabiashara wa barieri ndogo, na sasa siku za soko hatoki nje. Kwa ajili hiyo tumeona tuliseme jambo hili waziwazi.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba kazi hizo zipo. Sitaki mtu atoke hapa akatangaze kwamba shirika limesema ni uongo mtupu. Uingereza ilianzisha viza ya wafanyakazi wa afya mwezi wa Agosti 2020. Mwaka 2021 ikafungua majaribio ya kuajiri wakimbizi wenye ujuzi, ikishirikiana na shirika la Talent Beyond Boundaries, na wauguzi waliokuwa wakimbizi Yordani na Lebanoni wakaajiriwa katika hospitali za serikali. Kanada ilitangulia: ilianza majaribio yake mwaka 2018, kwa programu inayojulikana kwa herufi EMPP. Kwa upande wetu huu, shirika la RefugePoint lilisaidia wakimbizi waliokuwa Kenya, na baadhi yao wakapata kazi ya kutunza wazee katika nyumba ya Glen Haven Manor, mji wa New Glasgow, mkoa wa Nova Scotia. Hao walikuwa watu wa kambini kama sisi, wenye kadi ya chakula na foleni ya maji.

Lakini angalieni walivyokwenda. Mwajiri aliwasailiana nao kwa video, akawauliza mambo ya kazi: mgonjwa ameanguka, utafanya nini? Karatasi zao zikachunguzwa. Wakangoja miezi mingi. Hakuna aliyenunua nafasi yake kwa mtu wa simu.

Neno "udhamini" ndilo linalotuchanganya. Kwetu mdhamini ni mtu anayekushika mkono na kukulipia. Huko mdhamini ni mwajiri mwenye leseni ya serikali ya kuajiri wageni. Akikukubali, anaandika habari zako katika kompyuta za serikali na wewe unapewa namba. Ni namba, wala si karatasi ya kutundika ukutani. Kwa hiyo akija mtu na "cheti cha udhamini" chenye mihuri mitano na rangi ya dhahabu, huyo amekwenda kwa mchapishaji. Orodha ya waajiri wenye leseni serikali ya Uingereza huitoa hadharani katika intaneti, kila mtu anaweza kuisoma bure. Hata hivyo jina kuwamo katika orodha bado halithibitishi kwamba ujumbe umetoka kwao, maana matapeli hupenda kuazima jina la hospitali ya kweli. Tazama anwani ya barua. Hospitali za serikali za Uingereza huandika kwa anwani inayoishia na nhs.uk au nhs.net. Anwani ya bure ambayo hata mimi naweza kuifungua kwa dakika mbili isikudanganye.

Sasa juu ya pesa, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1973 inamkataza wakala wa ajira kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi. Tena, tangu tarehe 31 Desemba 2024 mwajiri haruhusiwi kumtwika mfanyakazi gharama za leseni yake au za ile namba ya udhamini. Gharama nyingine ni za kweli, nisiwafiche: mtihani wa lugha unalipiwa, baraza la wauguzi linalipiwa, ombi la viza linalipiwa. Waajiri wengi hubeba sehemu ya gharama hizo, wengine hawabebi. Lakini kila malipo ya namna hiyo huenda kwenye ofisi yenyewe, nawe hupata risiti yenye jina lako. Hayapiti katika simu ya bwana fulani aliyeko sijui Kampala, sijui Nairobi.

Kuna na jambo ambalo wengi hawalijui. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Mwaka 2023 orodha hiyo ilikuwa na nchi 55, Kongo yetu na Rwanda zote zikiwamo. Uingereza imekubali kwamba waajiri na mawakala wake wasiende katika nchi hizo kutafuta wauguzi, wasije wakaziachia zahanati tupu. Muuguzi mwenyewe akiomba kwa mkono wake hakatazwi. Kwa hiyo dalali anayekaa katika hoteli ya Gisenyi akiandikisha wauguzi kwa niaba ya hospitali za London, ama anavunja kanuni, ama hana hospitali yoyote. Mimi nadhani ni hilo la pili.

Wako wanaoambiwa, "Wewe huna diploma, si neno, tutakupeleka kutunza wazee." Mlango huo kwa Uingereza umefungwa. Tangu tarehe 11 Machi 2024 mtunza wazee mgeni aliyeomba upya hakuruhusiwa kwenda na mume au mke wala watoto, na tangu tarehe 22 Julai 2025 hawapokei tena maombi mapya ya kazi hiyo kutoka nje. Walifunga kwa sababu zao za siasa, lakini pia kwa sababu ya uonevu. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali hiyo iliwanyang'anya leseni waajiri zaidi ya 470 wa kazi za utunzaji. Watu walikuwa wamelipa maelfu ya pauni, wakafika, wakakuta hakuna kazi. Dalali anayekuuzia kazi hiyo leo anauza nyumba iliyokwisha kubomolewa. Muuguzi aliyesajiliwa bado anaweza kuomba, na viza yake inamruhusu kwenda na mwenzi wake na watoto.

Je, muuguzi wetu anahitaji nini hasa? Anahitaji karatasi na lugha, na vyote viwili huchukua muda.

Karatasi kwanza. Mnajua wenyewe daraja zetu. Aliyesoma ITM ni A2, na hiyo ni elimu ya sekondari. Aliyesoma ISTM, iwe Goma au Bukavu, ni A1, na aliyeendelea ni A0. Nchi nyingi za nje zinataka masomo ya juu baada ya sekondari, kwa hiyo A2 asiahidiwe kwamba atapokewa kama muuguzi kamili. Najua hili linauma, kwa sababu katika vijiji vyetu A2 ndiye aliyekuwa daktari, mkunga na mfamasia kwa pamoja. Kisha wanaulizia usajili: ni baraza gani linalokutambua? Kwetu Kongo sheria ya kuanzisha Chama cha Taaluma ya Wauguzi, ile Ordre des Infirmiers, ilitoka mwaka 2016 tu, na wengi waliohitimu kabla ya hapo hawakupata kujiandikisha. Tangu vita vilipofika Goma Januari 2025, kufuata nakala shuleni kumekuwa kazi ya hatari kwa baadhi yetu. Basi usiende mwenyewe kichwakichwa. Kama una jamaa au mwalimu aliyeko huko, aulizie kama daftari za shule zipo na aombe orodha ya alama zako yenye muhuri. Mwenye diploma mkononi aipige picha leo, mbele na nyuma, aitume kwa watu wawili anaowaamini. Turubai huvuja.

Lugha ndiyo ngazi inayowaangusha wengi. Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza linataka, kwa mtihani wa IELTS, alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 katika kuandika. Msidhani ni mchezo. Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza Julai 2021 ili wauguzi wake waende kufanya kazi huko. Mwaka huohuo Waziri wao wa Afya, Mutahi Kagwe, akasema kwamba kati ya watu kama 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, walipita 10 tu. Na hao ni watu waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu utoto! Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tujipime. Wanaosema utapata kazi ndani ya wiki tatu hawajakuuliza hata "how are you". Baada ya lugha kuna mtihani wa kazi wenye sehemu mbili: ya kwanza kwenye kompyuta, ya pili Uingereza kwenyewe, ambapo unasimamiwa ukimhudumia mtu aliyejifanya mgonjwa.

Kuna jambo moja ninaloliogopa kuliko upotevu wa dola. Baadhi ya madalali wanawaambia watu warudi ng'ambo ya mpaka wakachukue pasi ya Kongo, ati viza haigongwi bila pasi. Mkimbizi anayejipatia kwa hiari yake pasi ya nchi aliyoikimbia anaweza kuulizwa kama bado anahitaji ulinzi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unasema hivyo. Mkataba huohuo unampa mkimbizi haki ya hati ya kusafiria kutoka nchi aliyomo, na Rwanda huitoa. Kabla hujavuka kwa ajili ya pasi, ongea na afisa wa ulinzi wa HCR. Mazungumzo hayo hayana malipo, kama zilivyo huduma zote za HCR.

Tena mpime viza yenyewe. Viza ya kazi ya Uingereza imefungwa na mwajiri. Akikuachisha kazi, kwa kawaida unapewa siku 60 kutafuta mdhamini mwingine, la sivyo uondoke. Mkenya ataondoka arudi Nakuru. Wewe utarudi wapi? Njia ya Kanada niliyoitaja ilikuwa na tofauti kubwa: mtu alipewa ukaazi wa kudumu, kazi ikiharibika bado ana pa kukaa. Programu hizi hufunguliwa na kufungwa na kubadilishwa masharti, kwa hiyo uliza tarehe zake kabla ya kuweka matumaini. Shirika la Talent Beyond Boundaries lina daftari la kuandikisha wakimbizi wenye ujuzi, unajaza mwenyewe kwa simu, bure. Kuandikishwa si kuajiriwa. Wengi wamo humo na hawajaitwa.

Wakati wa kungoja usikae bure. Sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Diploma ya nje hupelekwa kwanza kwa Baraza la Elimu ya Juu, HEC, ilinganishwe na ya hapa, kisha muuguzi anakwenda kwa Baraza la Kitaifa la Wauguzi na Wakunga kuomba usajili. Ni safari ya Kigali, ni makaratasi, na kwa A2 ni ngumu zaidi. Lakini usajili wa Rwanda ni karatasi ambayo hata mwajiri wa mbali anaielewa. Na waajiri huuliza: mara ya mwisho ulimgusa mgonjwa lini? Muuguzi aliyekaa miaka minne akiuza ndizi, ujuzi wake unahesabiwa umelala. Hata ukijitolea katika zahanati ya kambi kwa siku mbili za juma, omba barua yenye tarehe, saa na saini ya msimamizi.

Mimi mwenyewe si muuguzi, nimeishia sekondari, na haya nimeyapata kwa kusoma na kuulizia. Kila Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi, ninakaa kwenye hema la habari. Aliyepokea ujumbe wa kazi aje na simu yake tuusome pamoja kabla hajatuma hata faranga mia. Aliyekwisha kutuma aje pia, asione haya. Asifute ujumbe wala namba aliyolipia, maana hizo ndizo zinazohitajika tukipeleka shauri kwa afisa wa ulinzi na kwa RIB. Wenye diploma waje na nakala. Karatasi halisi msimwachie mtu yeyote, hata mimi.