Jiwe Jeusi la Ytterby



Leo tuzungumze juu ya mawe. Msicheke. Mawe tunayajua wote, lakini tunayajua kwa kazi zake: hili la kunolea panga, hili la kusagia, yale matatu ya jikoni. Kuna mawe mengine ambayo kazi yake haionekani mpaka mtu akae nayo, ayasage, ayachuje, ayapike, halafu aanze tena upya.

Mwaka 1787, huko Uswidi, Luteni mmoja wa jeshi aliyeitwa Carl Axel Arrhenius aliokota jiwe jeusi. Alilipata karibu na kijiji cha Ytterby, penye machimbo ya mawe ya kutengenezea vyombo vya kauri. Jiwe lenyewe lilikuwa zito kupita kiasi. Likamfikia Johan Gadolin, mwalimu wa kemia katika mji wa Åbo, nchini Ufini, nchi ambayo wakati ule ilitawaliwa na Uswidi. Mwaka 1794 Gadolin alitangaza kwamba zaidi ya theluthi ya jiwe lile ni "udongo" ambao hakuna mtu aliyepata kuujua.

Hapa tusimame kidogo, maana neno hilo "udongo" linaweza kutupoteza. Si udongo wa shambani. Mnajua jembe likilala nje kwenye umande linapata kutu. Kutu ni nini? Ni chuma kilichoshikana na oksijeni, iliyomo katika hewa tunayoivuta. Kitu kikishikana na oksijeni hivyo huitwa oksaidi. Chokaa iliyotoka tanurini nayo ni oksaidi. Basi wataalamu wa zamani walipopata unga wa namna hiyo, unaostahimili moto, waliuita udongo. Kwa kuwa huu wa Gadolin ulionekana katika mawe machache tu, wakauita udongo adimu. Jina likabaki hivyo, ingawa kwa kweli halifai: seriamu, mmoja wa jamii hiyo, imo ardhini kwa wingi unaokaribia ule wa shaba. Shida ni kwamba imetawanyika, haikai mahali pamoja.

Hiyo seriamu ina kisa chake. Kijana wa miaka 15, Wilhelm Hisinger, alichukua jiwe zito kutoka Bastnäs, kwenye mgodi wa jamaa zake, akalipeleka kwa Scheele, mkemia mkubwa kabisa wa siku zile. Scheele alikuwa akitafuta tungsteni. Hakuiona, na habari ikaishia hapo. Kijana hakulitupa jiwe lake. Mwaka 1803, akiwa mtu mzima, alilichunguza upya pamoja na mwenzake Berzelius, wakapata oksaidi mpya. Mwaka ule ule, Klaproth wa Ujerumani naye aliipata, kila upande kwa juhudi zake. Jina lililoshika ni la Berzelius na Hisinger: seriamu, kutokana na Ceres, gimba la angani lililogunduliwa mwaka 1801.

Sasa ngojeni. Kumbe udongo ule haukuwa mmoja! Mwaka 1839 Carl Gustaf Mosander aliupekua ule wa seriamu, akakuta ndani yake kingine kimejificha. Akakiita lanthanamu, neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo ya kujificha. Mwaka 1843 akaupasua na ule wa Ytterby, ukatoka mitatu. Majina yote yametokana na jina la kijiji: itriamu, terbiamu na erbiamu. Mwaka 1878 ikaongezeka iterbiamu. Kijiji kimoja kidogo, majina manne! Na yalifanana mno, hata baadaye wataalamu wakabadilishana la terbiamu na la erbiamu. Aliyeitwa huyu akawa yule, na mpaka leo imebaki hivyo.

Kwa nini kazi ilichukua zaidi ya miaka mia? Kwa sababu ndugu hawa wana tabia moja. Kinachomwyeyusha mmoja kinamwyeyusha na mwenziwe. Fikirini maji ya chumvi mnayoyaacha juani yakauke. Kama mngekuwa na chumvi mbili zinazokaribiana, moja ingetangulia kuganda kidogo tu. Mnaichota, mnaiyeyusha, mnaigandisha tena. Charles James wa Marekani, mwaka 1911, alirudia kazi hiyo mara 15,000 ili apate thuliamu safi. Sisi tunaochoka kupepeta mtama mara mbili!

Mosander alidhani amepata na pacha mmoja, akampa jina la didimiamu, yaani pacha. Mwaka 1885 Carl Auer wa Austria alionyesha kwamba huyo ni wawili: praseodimiamu, pacha wa kijani, na neodimiamu, pacha mpya. Auer huyu ndiye aliyetengeneza kile kifuko cha nyuzi kinachong'aa ndani ya taa ya karabai, chenye seriamu kidogo. Na kile kijiwe kinachotoa cheche katika kiberiti cha gesi ni chake pia: seriamu na wenzake, wamechanganywa na chuma.

Mkoani Songwe kuna mlima uitwao Ngualla. Udongo adimu umo humo, na mwaka 2023 Serikali ilitia saini mkataba na kampuni wa kuuchimba. Tunaona afadhali majina haya yajulikane vijijini pia, yasibaki ofisini tu. Anayeuza gunia la mawe bila kujua kilichomo hulipwa bei ya mawe. Kinachotakiwa hasa pale Ngualla ni wale pacha wawili wa Auer, kwa ajili ya sumaku kali za mashine za umeme, na hata zile ndogo zilizomo ndani ya simu zetu za mkononi.