Kununua Chakula cha Kaya kwa Jumla: Faida, Hasara na Tatizo la Unyevu wa Mahindi

(Mada kwa semina ya viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, Dodoma)



Kununua kwa jumla sote tunakujua: gunia badala ya kilo, dumu la mafuta badala ya kipimo, katoni ya sabuni badala ya mche. Faida zake nazo zinajulikana. Bei ya kilo hushuka, nauli hupungua, na kikundi kilichochanga mapema hufika soko la Kibaigwa wakati wa mavuno, kabla bei haijapanda. Hasara ni kwamba fedha hulala stoo huku ada za shule zikidaiwa, na kitu kikiwa tele nyumbani hutumika ovyo.

Hayo yanatosha. Sabuni haiozi. Mahindi yanaoza, na mengine huua yakiwa bado yanaonekana mazuri.

Mwaka 2016, hapa Dodoma na jirani zetu Manyara, watu 68 waliugua kutokana na sumukuvu, na takriban 20 walifariki. Kenya mwaka 2004 ilipoteza watu 125. Sumu hii hutokana na kuvu wanaostawi kwenye nafaka yenye unyevu, na kuipika hakuiondoi. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Anayenunua kilo mbili huzimaliza wiki hiyohiyo. Anayenunua magunia matano yaliyoanikwa haraka ili yawahi lori, anaufungia unyevu ndani kwa miezi minane.

Siwalaumu wafanyabiashara, wala siingilii kazi ya mamlaka zenye dhamana ya kukagua chakula. Lakini inaniuma kuona mwaka hadi mwaka vikundi vikifundishwa kuchanga, kukopa na kusafirisha, kisha hifadhi ikaachiwa dakika chache kabla ya chakula cha mchana. Matokeo yake watu hunyunyiza dawa ya unga wakadhani wamemaliza. Dawa hiyo huua fukusi na dumuzi, kuvu haiwagusi. Mfuko wa tabaka tatu unaozuia hewa nao ni mzuri sana, wadudu hufa humo kwa kukosa hewa, ila haukaushi mahindi.

Napendekeza kila kikundi kipime unyevu kabla ya kulipa. Kama hakuna kipimo, tieni mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikiseni dakika kadhaa, kisha muiache robo saa. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15: msinunue, au mkaanike upya. Isiponata, bado anikeni siku nyingine, kwa sababu kati ya 15 na 13.5 kuna hatari ambayo chupa haiioneshi.

Napendekeza pia muanike juu ya turubai, kamwe si kwenye udongo. Mchambue punje zilizovunjika na zenye ukungu, na msiwape kuku wala watoto. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Halmashauri ziangalie uwezekano wa kuweka kipimo cha unyevu katika kila kata. Bei ya turubai na mifuko iingizwe kwenye mkopo wa mahindi tangu mwanzo. Narudia: pimeni kabla ya kulipa. Na kikundi kisicho na mahali pa kuanikia kinunue mahindi ya miezi miwili tu, hata kama bei ya Kibaigwa inavutia.