Kijana na Shamba la Baba



Kijana anapopanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, wazazi husema amefuata fedha. Mara nyingi hiyo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni uhuru. Kijana wa miaka 24 hulima shamba asiloamua lipandwe nini, mavuno huuzwa bila yeye kuulizwa, na akitaka kujaribu vitunguu palipozoea mahindi huambiwa shamba ni la baba. Binti naye huweza kuondoka kwa sababu nzito zaidi: posa iliyopokelewa kabla yeye hajaulizwa.

Kuwarudisha kwa nguvu kulikwisha kujaribiwa. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu waliohesabiwa kuwa wazururaji walikamatwa Dar es Salaam na kusafirishwa vijijini. Wengi walirejea mjini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa huo watu 5,383,728, kutoka 4,364,541 mwaka 2012.

Ni kweli kwamba uhuru wa mjini una bei. Anayemkimbia baba hukutana na mwenye nyumba, atakaye kodi ya miezi sita kwa mkupuo kwa chumba kimoja cha Mbagala. Hata hivyo senti aipatayo huamua mwenyewe aile au aiweke, na hilo ndilo alilolifuata. Basi swali ni hili: kijijini kuna kitu gani kinachobeba jina lake?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inamruhusu mwanakijiji kuiomba Halmashauri ya Kijiji ardhi na kupewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake. Ombi la mwanamke halipaswi kupewa uzito mdogo kuliko la mwanamume. Ugawaji huhitaji idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wake. Huko ndiko vijana wasikoonekana. Wazee huamua, maana ndio waliohudhuria. Na palipokwisha ardhi ya kugawa, mlango uliobaki ni mzazi kumkatia mwanawe japo eka moja angali hai, na kuiandikisha.

Maombi huanzia kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Mkutano Mkuu hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Wazazi wanaombwa waje na vijana wao, na wawaache waseme.