Mgeni, Kazi na Kibali

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa Serikali, Saadani)



Mliponitaka nizungumze juu ya mgeni na ruhusa ya kufanya kazi nchini, nilifurahi kwamba jambo hili litazungumzwa Saadani. Bandari hii imewaona wageni wa kila namna. Katika karne ya 19 misafara iliondoka hapa kuelekea Mpwapwa na bara ya mbali, na huko njiani, hasa Ugogo, ililipa hongo kwa watawala. Siku zile hongo haikuwa aibu. Ulikuwa ushuru uliodaiwa hadharani na mwenye nchi kwa mgeni aliyetaka kupita na kunywa maji yake. Leo neno hilo hilo ni jina la kosa la jinai, kwa sababu malipo ya hadharani yamekuwa malipo ya mfukoni.

Akaja mkoloni. Bwana Heri wa hapa Saadani alipigana na Wajerumani mpaka mwaka 1890, na baada ya kushindwa kwake mwenye nchi ndiye aliyelazimika kuonyesha karatasi. Manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga alihesabiwa siku zake 30 juu ya kipande, na kipande kisipojaa mshahara haukutoka. Wazee wetu wakajifunza kuiogopa karatasi ya kazi.

Ndugu zangu, karatasi tunayoizungumzia leo ina shabaha nyingine. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, inayotumika Tanzania Bara, inataka mgeni asifanye kazi bila kibali cha Kamishna wa Kazi. Kibali cha ukaazi ni kingine, nacho hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Mwenye kimoja bila kingine hajakamilisha safari yake. Aliyeingia kwa viza ya matembezi ni mtalii; akishika kazi ya mshahara amevunja sheria, na aliyemwajiri amevunja pamoja naye.

Hapa pwani yapo makosa ya kuwachanganya watu. Mvuvi wa Pemba au Unguja anayepiga dago katika fukwe zetu si mgeni. Ni Mtanzania tangu Muungano wa mwaka 1964, na hapaswi kuulizwa kibali cha kazi; aulizwe leseni ya uvuvi kama tunavyoulizwa sisi sote. Ndugu yetu wa Kenya au Uganda ni mwanajumuiya mwenzetu, lakini Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010 haikufuta vibali.

Moyo wa sheria hii umo katika masharti mawili. Kwanza, Kamishna lazima aridhike kwamba mwajiri amejitahidi kumtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa. Pili, mwajiri lazima awe na mpango wa urithishaji, yaani namna ujuzi wa mgeni utakavyohamia kwa mwananchi. Basi kibali ni mkopo wa ujuzi, na mkopo una siku ya kulipwa. Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, imeleta hoteli na kambi za watalii. Mwaka 2025 Serikali ilipiga marufuku wasio raia kufanya biashara za aina 15, kuongoza watalii ikiwa mojawapo. Mlango umefunguliwa, lakini amri haimfundishi kijana lugha za kigeni wala majina ya ndege wa Mto Wami. Kazi hiyo ni yenu, walimu. Kijana asipoandaliwa, mwajiri atasema kweli kwamba amemtafuta akamkosa.

Hata hivyo, tusigeuze sheria kuwa chuki. Katika karne ya 19 Wazigua wengi wa nchi hii walichukuliwa utumwani Somalia. Baadhi yao walitoroka, wakaanzisha vijiji kando ya Mto Juba, na Kizigua hakikufa vinywani mwao. Vita vya mwaka 1991 vikawafukuza, na baadhi yao wakakimbilia nchi ya babu zao. Walipokelewa kama wakimbizi wilayani Handeni, na kwa sheria mkimbizi hawezi kutoka eneo alilopangiwa wala kuajiriwa bila ruhusa. Hatimaye Serikali ikawapa uraia wengi wao. Siku hiyo aliyekuwa akiomba ruhusa ya kushika jembe la kibarua akawa mwenye haki ya kazi kama mimi na wewe. Laiti mtendaji mmoja angewatazama kwa jina la Usomali tu, tungewafukuza ndugu zetu kwa mara ya pili.

Ndugu watumishi, mambo haya huanzia mezani kwenu. Barua ya utambulisho inayoandikwa kijijini kwa ajili ya mtu asiyejulikana, kwa kuwa ametoa chochote, humwibia kazi kijana wa hapa. Na barua inayocheleweshwa makusudi ili mwenye haki yake achoke na kutoa chochote ni dhuluma kwa mgeni mwaminifu. Makosa haya mawili yamezaliwa na hongo ile ile ya mfukoni. Tumwambie mgeni wazi: ofisi ni hii, ada ni hii, risiti ni hii. Akikosa sifa tumwambie siku hiyo hiyo, kwa adabu. Kwa njia hiyo heshima ya nchi italindwa, na riziki ya wananchi pia.