Hewa Nzito na Makovu ya Mgongano: Kasoko za Mwezi Titan

Mhadhara huu unahusu kasoko za Titan, mwezi mkubwa kuliko yote inayoizunguka sayari ya Zohali, na hoja yake kuu ni kwamba, palipo na angahewa nzito, uchache wa makovu si ushahidi wa uchache wa mawe yaliyowahi kuanguka. Kasoko ya mgongano ni shimo la mviringo linaloachwa na jiwe au bonge la barafu litokalo angani kwa kasi kubwa. Haina budi kutofautishwa na kasoko ya volkano, mfano wake ile ya Ziwa Katwe magharibi mwa Uganda, ambayo ilichimbwa na mlipuko uliotoka chini ya ardhi.

Jinsi hewa inavyovunja mawe ilionekana Uganda kwenyewe tarehe 14 Agosti 1992, pale kimondo kilipopasuka juu ya Mbale na vipande vyake kutawanyika katika eneo lenye urefu wa kilomita 7 hivi na upana wa kilomita 3. Kadiri jiwe linavyozama katika hewa, mgandamizo ulio mbele yake huongezeka hadi ukaushinda uimara wa jiwe lenyewe. Likishapasuka, vipande vidogo hupoteza kasi upesi na kuanguka kama jiwe lolote lililodondoka kutoka juu. Ndiyo maana kimondo ambacho jumla ya vipande vyake ilikadiriwa kuwa kilo 150 hakikuacha kasoko, na kipande kimoja cha gramu chache, baada ya kupita kwenye majani ya mgomba, kilimgonga mvulana kichwani bila kumdhuru.

Titan inaikuza kanuni hiyo. Angahewa yake, ambayo sehemu kubwa ni naitrojini iliyochanganyika na methani, ina mgandamizo unaofikia mara moja na nusu ya ule wa Dunia, na kwa kuwa mvutano wa mwezi huo ni takriban moja ya saba tu ya ule wa Dunia, hewa hiyo imetanda hadi juu sana. Mawe madogo humalizikia humo, na yale makubwa pekee ndiyo hufika chini yakiwa na nguvu ya kuchimba. Chombo Cassini, kilichofanya kazi katika mfumo wa Zohali tangu 2004 hadi 2017, kilipenya ukungu wa Titan kwa rada na kubaini kasoko zisizofika mia moja, kubwa kabisa ikiwa Menrva, yenye kipenyo cha kilomita 400 hivi. Hata hivyo, hewa si mchujo tu, kwa sababu huleta pia mvua ya methani na upepo unaosukuma mchanga, navyo hulainisha kingo na kujaza mashimo yaliyokwisha kuchimbwa.

Miongoni mwa kasoko hizo, Selk, yenye kipenyo cha takriban kilomita 80, ina uzito wa pekee. Gamba la Titan ni barafu ya maji, ngumu kama mwamba katika baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri, na mgongano ulioichimba Selk uliiyeyusha sehemu ya barafu hiyo, maji yakachanganyika na viambata vya kaboni vilivyotanda juu yake. Muda wa maji hayo kubaki kimiminika ulitegemea wingi wake, kwa kanuni ile ile wanayoijua mafundi wa Katwe, Kampala, wanaomimina alumini iliyoyeyushwa katika kalibu: umbo nene huchelewa kupoa kuliko jembamba. Katika kasoko kubwa muda huo unaweza kufikia maelfu ya miaka, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba viambata vinavyofanana na vya Titan, vikikaa majini, huweza kutoa asidi amino, ambazo ni matofali ya protini.

Kwa sababu hiyo shirika la NASA, lililoidhinisha safari ya Dragonfly mwaka 2019, limeichagua Selk kuwa shabaha ya chombo hicho chenye rafadha, kinachopangwa kurushwa mwaka 2028 na kuwasili 2034. Hewa nzito inayofuta kasoko ndogo ndiyo pia itakayokibeba chombo hicho kuruka kutoka mahali hadi mahali. Yampasa basi msomi asomaye uso wa mwezi au sayari aanze kwa kuipima hewa yake, ndipo ahesabu mashimo.