MTOTO ANAPOINGIA NASARI

(Maneno aliyoyasema mwanachama mmoja wa gangi ya njia katika mkutano wa wanachama wakaao Laini Saba, Kibera)



Nimeombwa niseme machache juu ya watoto watakaoingia nasari Januari. Mimi si mwalimu. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni kubadilisha mataruma na kukaza boliti. Lakini nina watoto watatu, na wawili wamekwisha kupita mlango huo. Kwa yule wa kwanza nilifanya kosa ambalo sitalisahau, na ndilo nitakaloanza nalo, msije mkadhani nimekuja kuwahukumu.

Mtoto alikuwa na miaka minne. Mama yake alikuwa amepata kibarua asubuhi ile, nami nilitakiwa kazini saa mbili, basi nikampeleka mimi. Tulipofika akanishika suruali kwa mikono miwili. Mwalimu akampa vifuniko vya chupa achezee, na alipogeuza uso tu, mimi nikaponyoka. Njiani nilijisifu kwamba nimetumia akili. Yapata saa nne nikapigiwa simu: mtoto ameonekana relini. Alikuwa ametoka langoni bila kuonwa, akashuka mpaka kwenye njia ya gari, akawa anatembea juu ya mataruma kuelekea mjini. Mama mmoja auzaye omena kando ya reli alimwona yu peke yake akamshika mkono. Alipomwuliza aendako, alijibu, “Naenda kwa baba. Baba yuko relini.”

Ndugu zangu, tangu mtoto yule aanze kusikia maneno, kila asubuhi nyumbani aliambiwa: baba amekwenda relini. Basi hakupotea. Alifuata njia aliyoijua. Nasi tufanyao kazi hii twajua kwamba dreva akimwona mtoto mbele na akafunga breki, gari lenye mabehewa halisimami papo hapo, huendelea kusukumwa na uzito wake. Siku hiyo gari halikupita. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni hili: usimtoroke mtoto. Mwage hata kama analia. Mwambie ni nani atakayemjia na ni wakati gani, na wakati huo utaje kwa mambo anayoyafahamu, kwa maana saa sita kwake si kitu. Mwambie, “Mtaimba, mtakunywa uji, mtacheza, kisha mama atakuja.” Halafu mama aje kweli. Akichelewa siku ya pili, maneno yote uliyosema jana yamekufa. Wa pili wangu nilimwaga hivyo. Alilia siku nane, siwadanganyi, na siku ya tisa akaingia bila kunitazama, hata mimi ndiye niliyeona uchungu.

La pili ni njia ya kwenda shule. Hapa Kibera reli ndiyo barabara yetu sote. Twaenda nayo sokoni, kanisani, kazini. Hatuwezi kumwambia mtoto asiione. Lakini wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, tembea naye njia ile ile atakayopita, asubuhi ile ile. Mwonyeshe mahali pa kuvuka, mfundishe kusimama na kutazama pande zote mbili na kusikiliza. Na hata akiisha kujua, mtoto wa nasari havuki peke yake. Wala asipelekwe na ndugu yake wa miaka sita, ambaye naye ni mtoto.

Tena mfundishe majina. Wengi wa watoto wetu wakiulizwa jina la baba hujibu “Baba,” na jina la mama ni “Mama.” Ajue jina lake kamili, jina la baba yake, na alama ya nyumbani: karibu na kanisa gani, au duka la nani, au choo kipi.

Nimetaja choo, na akina mama wananielewa. Mtoto aliyezoea poti ya plastiki huogopa shimo, naye ataona haya kumwambia mtu mgeni, ajikaze mpaka ajichafue mbele ya wenziwe. Kisha kesho hataki kwenda, nasi twamwita mkaidi. Omba ruhusa umwonyeshe choo cha shule kabla ya siku ya kwanza. Afundishwe kuchuchumaa, kuvua na kuvaa suruali mwenyewe, kunawa mikono. Nguo ya vifungo vingi ni taabu tupu. Mshonee ya mpira kiunoni.

Juu ya usingizi nitasema nasi wanaume tusikie. Chumba ni futi kumi kwa kumi. Baba anarudi saa tatu, anawasha televisheni, marafiki wanaingia, na mtoto amelala katikati ya kelele zetu, au hajalala kabisa. Saa kumi na mbili asubuhi anavutwa miguu. Akisinzia darasani tutamlaumu mwalimu.

Na tuache kumtisha. “Ngoja uende shule, mwalimu atakuchapa.” Maneno haya nimeyasikia katika kila ploti, nami pia nimeyasema. Kwanza kuchapa kumekatazwa: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza mwanafunzi kuadhibiwa kwa ukatili, wa mwili hata wa moyo. Pili, unamfanya mtoto amwogope mtu ambaye kesho utamkabidhi kwake.

Wengine huuliza, mbona wanacheza tu, hawaandiki? Katika mtaala ulioanza kote nchini mwaka 2019, miaka miwili ya kwanza, yaani PP1 na PP2, ni ya watoto wa miaka minne na mitano, nao hufundishwa kwa michezo, nyimbo na kushika vitu. Hilo si jambo jipya. Mjerumani Friedrich Fröbel alipozipa shule za namna hii jina lake mwaka 1840, aliziita bustani ya watoto, wala hakuziita kiwanda. Usimlazimishe mtoto wa miaka minne kuandika ukurasa mzima kwa sababu mtoto wa jirani anaandika. Vidole vyake bado. Mpe maharagwe achambue, mwache ahesabu vikombe.

Karatasi msizingoje Januari. Cheti cha kuzaliwa ambacho hakijatolewa kianze kushughulikiwa leo. Kadi ya kliniki itazamwe. Chanjo ya surua hutolewa ya miezi tisa na tena ya miezi kumi na minane, na wengi huikosa ile ya pili.

Sasa karo. Katiba ya mwaka 2010 imeweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, lakini sote twajua kwamba watoto wengi wa huku ndani husoma katika shule ndogo za watu binafsi na za makanisa, na mwalimu hulipwa kwa shilingi zetu. Sisi mshahara ukichelewa siku tano twaita mkutano. Mwalimu yule amekaa miezi miwili bila kitu, akiwashika watoto wetu arobaini katika chumba cha mabati. Yeye naye ni mfanyakazi. Kama huna yote, nenda umwambie, lipa nusu. Usipite njia ya nyuma kumkwepa, maana mtoto wako anaona.

Namalizia kwa jambo la Chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya uzazi, na baba wiki mbili, na kila mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Juu ya siku ya kwanza ya shule haisemi neno. Basi mwenye mtoto wa kuanza na aweke siku mbili za likizo yake mpaka Januari, asizimalize zote Desemba. Na naomba, Bwana Katibu, iandikwe katika kumbukumbu za leo kwamba wanachama wa Laini Saba wanataka Chama kiombe, katika mapatano yajayo, nusu siku yenye malipo kwa mzazi siku mtoto wake anapoingia shule mara ya kwanza. Kama mimi ningalikuwa na nusu siku ile, nisingalitoroka.

Kwa mwaka huu, wale watakaobadilishana zamu wiki ya kufungua shule wampe Katibu majina kabla ya tarehe 15 Desemba. Mimi nimekwisha kumwambia: wangu wa tatu anaanza, na asiye na mtoto mdogo anaweza kuchukua zamu yangu ya Jumatatu, nami nitachukua yake ya Jumapili.