Tumsindikize Mgonjwa Wetu

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu na kikundi cha kutembelea wagonjwa, katika mkutano wa kumbukumbu uliofanyika Bujumbura tarehe 13 Agosti. Inachapishwa kwa maombi ya wasikilizaji.)

Sisi ni walimu, si waganga. Chuo cha ualimu kilitufundisha kuandaa somo na kushika chaki. Hakikutufundisha kukaa na mtu anayekufa. Haya tutakayoyasema tumeyajua kwa kukosea kwanza.

Leo tumekusanyika kwa ajili ya Gatumba. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, katika kituo cha muda cha wakimbizi, kilomita chache tu kutoka mji huu, ndugu zetu zaidi ya 150 waliuawa, wanawake na watoto wakiwa wengi, na wengine zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Wengi wetu tunaosimama hapa tulikuwa watoto wa shule ya msingi wakati huo. Waliokufa usiku ule hawakupata wa kuwashika mkono, na sisi hatukuwa na uwezo wa kulizuia hilo. Lakini kila mwaka, tukishawataja, tunarudi makambini, ambako mtu anakufa polepole kwa saratani, kwa ini, kwa figo au kwa uzee, nyumba ya tatu kutoka kwetu, naye pia hana wa kumshika mkono. Huyo hakushambuliwa na mtu. Ni sisi tumemkimbia. Kamati ilipotuomba tuseme neno, tulichagua kusema juu ya huyo.

Tuanze na kosa letu. Mama mmoja wa kambi za mashariki alipewa transferi kuja Bujumbura. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Wanaoijua barabara ile wanajua: unaondoka alfajiri, unapita Gitega, unashuka Bugarama, na mchana joto la mji linakupokea kama tanuri. Alisindikizwa na binti yake wa miaka 15, mwanafunzi wetu, kwa sababu karatasi iliruhusu msindikizaji mmoja tu na baba alibaki na wadogo. Kama mnavyojua, hospitalini muuguzi hutoa dawa, lakini kumwosha mgonjwa, kumlisha, kufua nguo na kutafuta uji ni kazi ya ndugu. Binti aliyafanya yote hayo. Usiku alilala sakafuni, kando ya kitanda cha mama yake, juu ya kipande cha shitingi.

Wiki ya tatu daktari alisema kwa Kifaransa kwamba hakuna tena la kufanya ili apone, akamwomba binti amweleze mama yake. Binti akageuka akasema: "Mama, daktari anasema unaendelea vizuri." Daktari hatumlaumu, alikuwa na wagonjwa wengi na hakujua Kiswahili. Mtoto hatumlaumu kabisa. Tunajilaumu sisi, maana binti alitupigia simu jioni ile akilia, na sisi watu wazima wenye diploma tukamwambia: umefanya vema, usimvunje mama moyo. Tulipokwenda kumwona tukaendeleza maneno yale yale. Tulimwambia mwezi ujao atakuwa shambani. Mama akatutazama kwa muda, akasema, "Walimu, si ninyi mnaowakataza watoto kusema uongo?" Kisha akageukia ukuta.

Alikuwa anajua. Alikuwa na mambo yake: arudishwe kambini, awakabidhi wadogo kwa dada yake, alipe deni la maharage kwa jirani, na ale ndagala mara moja tu, kwa kuwa alizisikia zikikaangwa mtaani. Ndagala tulimletea, akala mbili. Mengine hayakuwezekana, kwa sababu siku zilipita tukiwa tunaigiza. Kulikuwa na karatasi ya kumleta mgonjwa mjini. Ya kumrudisha mgonjwa asiyepona haikuwepo, na sahihi ilipopatikana alikuwa ameshakufa. Tulimzika huku, tukiwa watu wanane, mume wake akisikiliza kwa simu. Na usiku wake wa mwisho alilia kwa maumivu hadi wagonjwa wenzake wakaomba kuhamishwa. Alikuwa na vidonge vya parasetamoli. Sisi tulidhani dunia haina dawa nyingine.

Baada ya hapo tukaanza kuuliza. Tukaambiwa kwamba kazi hii ina jina. Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita tiba shufaa, yaani kumtuliza mgonjwa na kumhudumia hata pale ugonjwa usipoondoka. Cicely Saunders, aliyekuwa nesi kabla ya kuwa daktari, alifungua nyumba ya kazi hiyo mjini London mwaka 1967. Nairobi walifungua ya kwao mwaka 1990. Lakini habari iliyotugusa zaidi ni ya Kampala. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huko shirika la Hospice Africa Uganda, na wakawa wanachanganya unga wa mofini na maji, wakitia rangi ili nguvu ya dawa ijulikane kwa macho, na mgonjwa anaimeza nyumbani kwake. Hakuna sindano wala mashine. Uganda ikaendelea mbele: tangu mwaka 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliosomea kazi hii wanaruhusiwa kuandika mofini, maana vijijini daktari ni adimu. Rwanda jirani yetu iliweka sera yake ya taifa mwaka 2011.

Kwa hiyo dawa ipo. Iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilionyesha kwamba, katika tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zilizokuwa zikigawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa kwa ujumla wao zilipata tani 0.1. Hesabu hiyo mwanafunzi wa darasa la tano anaiweza: ni kilo 100. Ni gunia moja la maharage kwa nchi zote hizo.

Wazee wengine wametuuliza kama mofini haimwui mgonjwa au kumfanya mlevi. Tuliwauliza wanaojua. Ikitolewa kwa kipimo na mtu aliyefundishwa, kwa saa zilizopangwa bila kungoja maumivu yarudi, humtuliza mtu akalala na akaongea na watu wake. Hufunga choo, ndiyo maana hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha. Haigawiwi kwa jirani, wala haiachwi mahali watoto wanafika.

Sasa mtatuvumilia tuseme juu ya mbwa. Mwanafunzi mmoja wa darasa la tano alikuwa na mbwa aliyewafuata tangu bonde la Ruzizi, akazeeka kambini. Mbwa aliposhindwa kusimama, watu wazima walisema atupwe porini. Mtoto akamlaza juu ya gunia kivulini, akampa maji kwa kijiko, akamfukuzia nzi siku nne, mbili kati ya hizo akikosa shule. Tulipomwita kumpa adhabu alisema, "Mwalimu, alitulinda njiani." Adhabu tukaiacha. (Tuseme wazi hapa: mbwa aliyebadilika ghafla, anayetokwa mate na kuuma ovyo, mtoto asimguse; aripotiwe mara moja. Na mnyama anayeteseka bila tumaini aitiwe mtu wa mifugo ammalize upesi, asiachiwe watoto wenye mawe.)

Miezi michache baadaye babu wa mtoto yule akaugua ini. Alikataa kurudishwa Bujumbura mara ya pili. Safari hii hatukusema uongo. Tulimuuliza kwanza, "Mzee, unataka tukueleze nini?" Maana wapo wasiotaka kujua, na hiyo nayo ni haki yao. Yeye alitaka. Aliita wanawe, akagawa vyombo vyake, akaomba radhi kwa shemeji yake waliyekosana tangu Uvira. Sisi tulipanga zamu. Mmoja alimgeuza kila baada ya saa mbili ili ngozi isichubuke, mwingine alichota maji, mwingine alikaa tu. Alipokataa uji mkewe alilia akidhani amechukiwa, na muuguzi akamweleza kwamba mwili unaofunga safari haudai chakula, na kumlazimisha ni kumpalia. Tukabaki na maji: kitambaa safi kilicholoweshwa, midomoni. Hatukumfundisha yule mjukuu kazi hiyo. Alikuwa anaijua.

Mzee yule alifugia milimani, na usiku mbili za mwisho alitaja ng'ombe wake aliowaacha huko, mmoja mmoja kwa jina. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mjukuu aliyaandika majina katika daftari la hesabu. Lakini tusiwadanganye na ninyi: dawa aliyopata haikuwa mofini, ilikuwa dhaifu zaidi, na saa nyingine haikutosha.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, kitabu chenu wenyewe cha Sphere, toleo la 2018, kimeweka huduma hii kuwa sehemu ya msaada wa kiafya wakati wa maafa. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hilohilo. Hatuombi jipya. Tunaomba mofini ya kunywa ifike katika vituo vya afya vya kambi, pamoja na muuguzi aliyefundishwa kuitoa. Tunaomba kuwe na karatasi ya kumrudisha mgonjwa nyumbani akiwa hai, na msindikizaji wa pili anapokuwa wa kwanza ni mtoto. Na tunaomba mkalimani, ili mtoto asiambiwe tena amtangazie mama yake kifo.

Kwetu sisi wenyewe liko neno gumu. Mtu akifa tunachanga fedha za sanduku na chakula cha kilio, mtaa mzima. Wiki moja kabla, hakuna aliyeleta kipande cha sabuni. Na wahubiri wetu tunawaheshimu, mje mwombe, mwimbe taratibu. Jirani zetu Waislamu wa Buyenzi humlaza mtu wao kuelekea Kibla na kumsomea kwa sauti ya chini. Ila msimwambie mgonjwa kwamba haponi kwa sababu imani yake ni ndogo. Tumeyasikia maneno hayo mara tatu mwaka huu.

Kikundi chetu kinakutana kila Alhamisi saa tisa mchana, masomo yakiisha, katika darasa la sita. Wenye kitenge kilichochakaa, sabuni au bidoni ndogo walete. Hadi sasa tuko wanawake 11 na wanaume watatu, na kumgeuza mtu mzima kitandani kunataka mikono yenye nguvu. Baba zetu, tunawangoja.